Sinema Iliyozaa Kipande na Nusu

Bwana habari alipofika Murusenga kupiga sinema ya maendeleo, kitu cha kwanza alichouliza ni kama kuna kiti. Kilipoletwa akakikagua, akakipangusa kwa leso, akakaa, na kutoka pale kitini akawaamuru watu waliosimama tangu asubuhi waonekane wana furaha. Jina lake Hilali, mtu wa pwani aliyepangiwa kazi Kibondo, na kwa jinsi alivyobetua midomo kila alipotazama matope yetu ungedhani mvua ya kule ilinyesha kumkomoa yeye. Esteria, mwenyekiti wa akina mama, alimtazama toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu, akasonya bila kujificha.

Huyu Esteria alikuwa mjane mwenye ulimi wa kuchonga, na alikuwa hapendi kudharauliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hajamaliza kumdharau. Aliwadharau mabwana shamba kwa viganja vyao laini, akamdharau Pasikali, katibu wa kijiji, kwa kuwa kila kauli yake ilianza na neno "wakubwa". Siku hiyo ya kamera, hata hivyo, alishika jembe akaingia mstarini kama wenzake. Alikuwa na sababu yake.

Sababu ilikuwa mashine ya kusaga. Mkoa ulikuwa umetangaza kwamba kati ya vijiji viwili vilivyofika mwisho wa mashindano, Murusenga cha Kibondo na Nyamweru cha Kasulu, kile kitakachoonekana kinafanya kazi kwa bidii zaidi kitapewa mashine. Murusenga wanawake walisaga kwa jiwe, wamepiga magoti, au walitembea nusu siku na debe kichwani mpaka Kibondo mjini. Mkwewe Esteria, Odilia, aliyeolewa na mwanawe Ildefonce, mimba yake ya kwanza ilitoka akiwa njiani na debe hilo hilo. Ildefonce alikuwa ameshakwenda zake kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo waliomzika yule mtoto ni mtu na mkwewe, wawili tu. Tangu siku ile Esteria aliitaka mashine kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Sasa tuizungumze hiyo kamera. Ilikuwa ya kutia ufunguo, kama saa ya mezani, na ubavuni ilikuwa na kigurudumu chenye namba. Namba hizo huiambia kamera ipige picha ngapi kwa sekunde moja, maana sinema si kitu ila picha nyingi zinazofuatana upesi mpaka macho yanadanganyika. Projekta ya ofisi ilirusha picha ishirini na nne kwa sekunde, basi kamera nayo ilitakiwa ipige ishirini na nne, ili mtu aliyetembea aonekane anatembea. Hilali aliyajua hayo vizuri. Alikuwa amesomeshwa na serikali. Lakini filamu ilitolewa kwa kubanwa, naye alitaka ibaki ya kutosha kujipiga yeye mwenyewe, kwa hiyo pale Murusenga akakizungusha kigurudumu mpaka kumi na sita. Picha zikawa chache na filamu ikadumu. Akampa kamera dereva wake, Saidi, akapita mbele ya walimaji mikono nyuma, tumbo mbele, polepole, kama anavyopita mtu anayejua kuwa dunia itamngoja. Alipofika Nyamweru akaona filamu imebaki tele, akakirudisha kigurudumu kwenye ishirini na nne, akapiga kwa raha zake. Saidi, ambaye pia ndiye aliyeendesha projekta, aliyaona yote hayo akanyamaza, kwa sababu Saidi alikuwa mvivu hata wa kusema.

Filamu ikapelekwa mjini kutiwa sauti, nayo sauti ilikuwa ya nani kama si ya Hilali mwenyewe, akieleza maendeleo ni nini kwa watu waliokuwa wakiyalima.

Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye ukumbi mmoja wa Kasulu, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Esteria na Pasikali walikwenda kwa lori pamoja na wajumbe wengine wa Murusenga. Kamati ya kuamua ilikaa mbele kwenye viti vya mito. Walikuwa watu waliokuwa wakilipenda sana jembe, hasa likiwa kwenye bendera.

Taa ya projekta ikawaka, na Murusenga ikatokea ukutani. Loo, kazi ilikuwa inafanyika. Majembe yalipanda na kushuka bila kupumzika, udongo uliruka, akina mama waliinama na kuinuka kana kwamba migongo yao ni ya kukodi. Kamati ikaguna kwa mshangao. Mjumbe mmoja akasema kwa sauti kwamba hajapata kuona watu wa namna hiyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kamati alikuwa anasema kweli.

Esteria alitazama kwa macho makali. Kwanza aliuona moshi. Nyuma ya shamba palikuwa na jiko la bibi mmoja, na moshi wa kuni mbichi, ambao kwa kawaida hujivuta paani kwa uvivu, ulikuwa unatoka mbio kama unafukuzwa. Kisha akamwona ng'ombe. Ng'ombe yule alitafuna kwa papara, na mkia wake ulichapa mbavu bila kituo, naye Esteria alimjua ng'ombe yule. Alikuwa mzee na hakuna inzi aliyewahi kumwondolea utulivu. Hapo akaelewa. Kilichokuwa na haraka ni ile sinema yenyewe, maana moshi na ng'ombe hawana mashindano.

Halafu akajiona mwenyewe. Kwenye sinema mama yake mkubwa, ajuza aliyekuja kutazama wageni, alikuwa anamsogelea amsalimu. Kwetu salamu si jambo la kutupa. Mnashikana mikono kwanza, mkono unapanda mpaka kiwikoni, unapanda mpaka begani, mnapapasana taratibu huku mmoja anauliza mwakeye na mwingine anaitika, mnaulizana watoto, mnaulizana mifugo, na anayeikata katikati amekutukana. Pale ukutani wanawake wale wawili walirukiana, wakachapana mabega, wakatikisana, wakaachana, basi. Watu wa Nyamweru wakacheka. Esteria alijisikia amevuliwa nguo hadharani.

Mwishoni mwa sehemu ile akapita Hilali, mikono nyuma, na tumbo lake kubwa likakata shamba kwa vihatua vya kuku aliyemwagiwa maji. Ukumbi ukaguna kwa kicheko cha kujizuia. Hilali mwenyewe, aliyekaa kando ya kamati, aliinamia viatu vyake akavichunguza sana.

Ikaja zamu ya Nyamweru. Maskini, walikuwa wanalima kama binadamu. Jembe lilipanda, likafika juu, likashuka. Mtu alijifuta jasho, akatema mate mkononi, akaendelea. Baada ya ule mwendo wa Murusenga walionekana wamelewa usingizi. Katibu wao, Bazilio, akasimama akasema kwamba wale wa kwanza hawalimi, wale wanafukuzwa na nyuki, na kwamba sinema ile ina kasoro. Kamati ikamwambia akae, wivu si maendeleo.

Neno lilimfika Esteria mdomoni. Pasikali, aliyemjua, akamkanyaga mguu, akaukandamiza. Hakuhitaji kuukandamiza sana. Esteria alimkumbuka Odilia na debe, akalimeza lile neno, likashuka likiwa na ladha mbaya. Wajumbe wote wa Murusenga walikuwa wameona alichokiona yeye, na wote waligundua ghafla kwamba dari ya ukumbi inavutia.

Mashine ikaja kwa lori, ikafungwa chini ya paa la bati karibu na ghala la kijiji, ikanguruma, ikatoa unga. Odilia, ambaye tumbo lake lilikuwa limeanza tena kuonekana baada ya Ildefonce kuja nyumbani mara moja na kurudi mkongeni, alisimama pale akiukamata unga wa moto kwa viganja viwili, akacheka peke yake. Esteria alipomwona hivyo alifurahi mpaka akamsalimu Pasikali. Alijiambia kwamba uongo wenyewe ulikuwa wa Hilali, yeye alikaa kimya tu, na kukaa kimya hakujawahi kuua mtu.

Wiki hazikupita nyingi, wakubwa wakaleta kipande kipya.

Kipande ni lile eneo mtu analopimiwa kulima kwa siku kwenye shamba la kijiji. La zamani lilikuwa linamaliza asubuhi yako na nusu ya mgongo wako. Sasa wataalamu walikuwa wamekaa, wakaitazama sinema tena, wakapima mama mmoja wa Murusenga analima hatua ngapi kwa muda gani, wakajumlisha, wakapata kwamba watu hawa wanaficha nguvu zao. Kipande kikawa kimoja na nusu. Ile nusu haikutoka kwenye mgongo wa mtu yeyote. Ilitoka pale Hilali alipokizungusha kigurudumu toka ishirini na nne mpaka kumi na sita, ikasafiri na filamu mpaka mjini, ikarudi na muhuri wa mkoa.

Basi ikawa kulima mpaka jua linakaribia kuzama. Maharage ya nyumbani yalimezwa na magugu. Mama yake mkubwa Esteria, maana hata wazee hawakusamehewa kipande sawasawa, aliugua katikati ya masika akafa, na kama ni kipande au ni uzee hakuna aliyethubutu kusema. Pasikali alipita mistarini na kamba ya kupimia, akiwakumbusha watu kwamba wakubwa wameona kwa macho yao. Ulikuwa ukweli unaoudhi kuliko uongo wowote, maana kweli wakubwa walikuwa wameona kwa macho yao.

Odilia hakusamehewa hata kidogo. Esteria alimaliza kipande chake akaingia kwenye cha mkwewe, akimfukuza akapumzike, na Odilia, mbishi kama alivyo, alikataa kukaa huku mama mzima anamlimia. Siku moja Odilia alijifunga kanga upya mara nyingi bila sababu, mwishowe akakiri kwamba ameona damu kidogo. Esteria alipata hofu ambayo hakuijua tangu siku ya debe. Akamlaza, akaenda moja kwa moja kwa Pasikali kumwambia aandike mkoani kwamba sinema ile ilikuwa na kasoro.

Pasikali alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akamweleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, kwamba kama sinema ina kasoro basi na ushindi una kasoro, na ushindi ukiwa na kasoro mashine inapanda lori. Je, yeye ndiye atakayewaambia akina mama? Esteria alimwangalia, akatafuta tusi linalomfaa, akakosa, kwa sababu safari hii yule mpumbavu alikuwa anasema jambo la akili.

Damu ilikoma. Odilia akarudi shambani.

Haukupita muda mrefu, akaja mgeni kutoka mkoani, Ndugu Abdulrahmani, kukiona hicho kijiji cha mfano. Hilali alikuja naye, na Saidi, na projekta, na jenereta, kwa maana walitaka kijiji kijione jinsi kinavyopendeza. Watu wakakusanywa ghalani, magunia yakatundikwa madirishani. Mgeni alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, na ilisemekana marehemu baba yake alikuwa na jumba la sinema huko Tanga na yeye amekulia kwenye chumba cha projekta. Esteria hakuvutiwa na adabu yake. Aliona viatu safi tu.

Sinema ikaanza. Sauti ya Hilali ikajaa ghala, ikiwasifu. Majembe yakapanda na kushuka. Watu wa Murusenga walijitazama wakilima kile kipande na nusu ambacho hawakuwahi kukilima mpaka walipolazimishwa, na hakuna aliyecheka. Esteria alimwona mama yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa kaburini, akimrukia na kumchapa mabega na kumwacha, salamu ya wendawazimu. Pembeni yake Odilia alikuwa amekaa juu ya gunia, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, usingizi umemchukua mchana kweupe kwa uchovu. Esteria akasimama.

Ukutani Hilali alikuwa ndiyo kwanza anapita.

"Ndugu mgeni," Esteria alisema, "yule ni nani?"

Mgeni akajibu kwamba anaona ni Ndugu Hilali.

"Eego, ni yeye. Siku ile alipita hapa kama mtu aliyeweka mayai mfukoni, kijiji kizima kilimwona. Kama mimi nalima namna ile, basi na yeye hutembea namna ile. Mwulize alikuwa anakimbilia wapi."

Saidi akaisimamisha projekta. Mgeni akageuka, akamwuliza Hilali kwa heshima zote kama siku ile alikuwa anakimbia. Hapa mtu mwenye chembe ya aibu angesema ukweli ulivyo: nilikizungusha kigurudumu ili nipate filamu ya kujipiga mwenyewe, nimekosa. Hilali akatazama watu waliokaa chini, akaona ni watu wa kukaa chini.

"Nilikuwa na haraka ya kazi," akasema.

Abdulrahmani hakubishana naye. Akamwomba Saidi airudishe filamu nyuma kidogo, kisha akitelemshe kile kitufe cha pembeni, cha mwendo wa polepole, kilichowekwa kwa ajili ya sinema za zamani zisizo na sauti. Saidi alimtazama Hilali, akamtazama mgeni, akapima nani anaweza kumfukuza kazi, akakitelemsha.

Mbele yao Murusenga ikarudi kuwa Murusenga. Moshi ukajivuta paani. Ng'ombe akatafuna kwa starehe ya umri wake. Jembe la Esteria likapanda, likafika juu, likangoja pumzi, likashuka. Lakini sauti ilikuwa imechapwa kwenye filamu hiyo hiyo, kwa hiyo nayo ikalazimika kutembea mwendo wa picha, na ile sauti nyororo ya bwana habari ikaporomoka, ikaburuzika, ikawa ng'ombe dume anayelia ndani ya kisima. Maendeleo yalimchukua muda mrefu sana kuyatamka. Ghala zima likaangua kicheko, na kilikuwa kicheko cha miezi kadhaa ya udongo. Hilali aliomba izimwe. Hakuna aliyemsikia.

Esteria peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake mkubwa akija taratibu, akimshika mkono, mkono ukipanda mpaka kiwikoni, ukipanda mpaka begani. Salamu ilikuwa ndefu, haikukatwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Taa ilipozimwa na magunia kufunguliwa, Abdulrahmani alisimama mbele. Akaeleza kwamba picha zilipigwa pungufu na kurushwa kamili, na kwamba hakuna mtu duniani aliyelima kwa mwendo ule. Kisha akamgeukia Esteria, na hapo adabu yake ikamfanya awe mkatili.

"Mama, mimi nikiandika hivi, kipande kinarudi kama zamani. Lakini mashine mlipewa kwa ajili ya mwendo ule. Itabidi iende Nyamweru. Niandike?"

Ni watu wenye mikono safi tu wanaoweza kumwuliza mtu swali kama hilo mbele ya majirani zake. Akina mama waligeuka wote. Immakulata, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamwambia kwa sauti ya chini akae, akae chini, asiwatie kwenye jiwe tena. Pasikali akasogea aukanyage mguu wake, akakuta umesogezwa. Esteria alitazama nje ambako paa la bati la mashine lilikuwa linang'aa, akaitazama kanga ya Odilia ilivyokaza tumboni.

"Andika," akasema.

Mashine ilipakiwa siku ile ile, maana serikali inayochelewa kuleta huwahi kuchukua. Akina mama walioifunga kamba hawakumsemesha. Immakulata alipita mbele yake na kapu la mahindi kichwani, akatema mate pembeni, karibu sana na miguu yake. Hilali alikaa mbele kwenye gari, kioo kimepandishwa, na mwaka uliofuata alisikika amepandishwa cheo huko Kasulu, kwenye ofisi isiyo na kamera.

Esteria alirudi nyumbani akiwa na maneno tayari ya kumjibu kila mtu, isipokuwa mmoja. Odilia alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya jiwe, mahindi yamelowekwa, anasaga kwa hasira, tumbo likigusa mapaja kila anapoinama. Hakuinua uso.

"Mama," alisema, "kipande kingekwisha na masika haya. Mashine ingekaa."

"Najua," Esteria akajibu. "Lakini mimba yako ni ya masika haya."

Jiwe likasimama. Odilia akapangusa unga viganjani, akajivuta pembeni akamwachia mama mkwe nafasi nyuma ya jiwe.